Mto Sumida kwenye chapa za mbao: Hiroshige au Kiyochika?

Mto ni mmoja, na wote wawili ni wasanii wa Japani wa chapa za mbao, yaani picha zinazochapwa kwa ubao uliochongwa. Hiroshige aliuchora jiji likiitwa Edo, Kiyochika likishakuwa Tokyo.

Kwa Hiroshige mwanga hauna chanzo, umetandazwa tu. Mchapaji alififisha rangi kwa mkono juu ya ubao wenye unyevu, ndiyo maana anga huanza nzito juu na kuyeyuka kuelekea majini. Katika mvua ya ghafla kwenye daraja la Ōhashi (1857), mistari myembamba inatosha kukulowesha.

Kiyochika, kati ya 1876 na 1881, alianza na taa: za gesi, za madirishani, fataki. Kila mwanga una unapotoka, na watu wamebaki vivuli, mara nyingi bila mstari mweusi wa kuzunguka umbo. Kwa usiku, sioni wa kumfikia.

Kwa mvua na theluji, Hiroshige. Ila kagua nakala, maana zilizochapwa baadaye mara nyingi zilirahisishwa, anga ikabaki bapa. Utunzaji haupishani: zote ziepushwe na jua. Anayependa majira aanze na Hiroshige. Anayefuatilia jiji linavyogeuka, aende kwa Kiyochika.