Kununua Fulana na Rangi za Batiki ya Kufunga Mombasa

Anayetaka kufanya batiki ya kufunga (kukifunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukitia rangi) nyumbani kwa fulana yenye mchoro kifuani aanze na kitambaa, kwa maana hakuna rangi ya pamba itakayoifaa fulana ya poliesta. Kwenye mitumba ya soko la Kongowea, soma lebo ya shingoni utafute pamba asilimia 100. Lebo ikiwa imekatwa, omba uchomoe uzi mmoja kwenye kitambaa chenyewe, si kwenye mshono, kisha uuchome: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka ikaganda kuwa kidonge kigumu. Mishono mingi hushonwa kwa uzi wa poliesta, kwa hivyo itabaki myeupe hata fulana ikikolea. Mchoro mzito unaoteleza kama mpira nao haunyonyi rangi. Utabaki kama ulivyo, na kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo.

Kwa upande wa rangi, nafasi ya kwanza naipa ile ya maji baridi inayoungana kikemia na nyuzi za pamba, ambayo kampuni ya ICI ya Uingereza iliitoa mwaka 1956 kwa jina la Procion. Haihitaji jiko, na joto letu la pwani huisaidia kushika. Sharti lake ni soda ashi (unga wa kabonati ya sodiamu), kikombe kimoja kwa lita nne za maji, ambamo fulana hulowekwa kabla ya kutiwa rangi. Magadi ya kupikia maharagwe hayatoshi, kwa kuwa yamechanganyika na baikaboneti na ukali wake ni mdogo. Unyevu wa Mombasa huharibu unga wa rangi hii, basi nunua kidogo, ukatae uliogandamana, na uvae barakoa unapoupima.

Ya pili ni ile iitwayo “vat”, inayoyeyushwa kwa kemikali mbili, kostiki soda na haidrosulfaiti, inayotumiwa na mafundi wengi wa batiki. Hustahimili jua na kufuliwa kuliko zote, lakini kostiki huunguza ngozi na macho, kwa hivyo siipendekezi kwa nyumba yenye watoto wadogo.

Pakiti za rangi ya kuchemsha naziweka nafasi ya tatu. Ni rahisi kutumia, ila hupauka upesi, na sufuria moja hutoa rangi moja tu. Rangi ya kuchorea kitambaa iliyozimuliwa kwa maji hukifanya kigumu, iache.

Maji ya chumvi ya visima vyetu yana madini yanayoizuia rangi kuyeyuka sawasawa, hivyo tenga ndoo ya maji matamu ya kuchanganyia. Ukishaitia fulana ile rangi ya maji baridi, ifungie katika mfuko wa plastiki usiku kucha, kisha uisuuze kwa maji baridi, halafu ya moto, mpaka yatoke meupe, na mara za mwanzo uifue peke yake.