Rashid na Miraji katika ushairi mpya wa Kiurdu
N. M. Rashid na Miraji wote walivunja utaratibu wa vina katika ushairi wa Kiurdu, lakini hawakushika njia moja. Rashid aliegemea msamiati mzito wa Kiajemi: katika shairi lake “Hasan Kuzagar”, mfinyanzi anasimama kichochoroni mbele ya mlango wa Jahanzad, mwanamke anayempenda, akimsimulia miaka 9 aliyovitelekeza vyungu vyake. Miraji, aliyefariki mwaka 1949 akiwa na miaka 37, alipendelea lugha laini yenye mwangwi wa nyimbo za ibada za Kihindi, na maana aliifumba zaidi.

Kwa ushairi, namchagua Rashid. Kwa uhakiki, Miraji hana mpinzani, kwani katika kitabu chake Is Nazm Mein alichambua shairi mojamoja la wenzake kwa subira, akifuata picha zake kabla ya kuuliza msimamo wa mtunzi.