Lenzi ya milimita 50 iliyonifanya niilaumu mikono yangu

Watazamaji wapenzi, karibuni tena. Lenzi niliyoishika hapa ni ya milimita 50, na tundu lake la kupitisha mwanga, yaani apacha, hufunguka hadi 1.8; namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Nilikusudia kuisifia leo, kwa sababu mpiga picha anayeanza kazi za harusi hatapata kwa bei nafuu lenzi nyingine ya kumsaidia kiasi hiki katika ukumbi wenye mwanga hafifu. Lakini hii niliyouziwa, ikiwa imekwisha kutumika, ni mbovu, nami niliilaumu mikono yangu kwa siku tatu kabla ya kuishuku.

Tazameni picha hii ya familia ya bwana harusi, niliyoipiga kwa apacha ya 2.8. Bibi aliyeketi kushoto, nyuzi za mtandio wake zinahesabika. Shangazi watatu waliosimama kulia, katika mstari ule ule, wamefifia kana kwamba niliwapiga kupitia kioo chenye mvuke. Kamera ikitikiswa, picha huharibika yote. Fokasi, yaani kulenga mahali picha itakapokuwa kali, ikikosewa, kitu kingine kilicho mbele au nyuma ya mlengwa ndicho hutoka kikali. Hapa ni upande mmoja tu ulioharibika, na ni upande ule ule katika kila picha niliyopiga usiku ule.

Nikachukua kanga mpya, nikaipiga pasi, nikaibana ukutani isibaki na mkunjo, kisha nikaisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, umbali wa mita 3 hivi, ikitazamana na katikati ya kanga bila kuinama. Kwa kazi hii naipenda kanga kuliko karatasi yoyote ya majaribio, kwa kuwa umbo lake linakaribiana na umbo la picha na pindo lake linafika pembe zote nne. Niliweka ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kamera kuhisi mwanga, nikatumia kichelewesho cha sekunde 2 ili nisiiguse kamera inapopiga, na nikalenga kwa mkono kupitia skrini ya nyuma, nikiwa nimeikuza mara 10. Skrini ina maana yake: katika kamera za kioo, zile zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kutazamia, fokasi ya kwenye kitundu hicho hupimwa na sensa (kihisi cha mwanga) ya pekee, ambayo huenda isipatane na lenzi. Mtu akiona picha ni kali akilenga kwa skrini, lakini zimefifia akilenga kwa kitundu, lenzi yake huenda ni nzima na inahitaji kurekebishiwa fokasi tu, jambo ambalo baadhi ya kamera huliruhusu katika menyu.

Matokeo ni haya. Katika 1.8, nukta za pindo la kushoto zinaonekana moja moja. Za kulia zimeyeyuka zikawa wekundu mtupu. Katika 4 tofauti bado ipo. Katika 8 imejificha karibu yote, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa sababu dukani mchana tunajaribu lenzi kwa apacha ndogo, kisha tunaingia nayo ukumbini ambako 8 haitumiki.

Nikaigeuza kamera juu chini, bila kuigusa kanga. Ufifi ukahamia pindo la kushoto la kanga, maana yake haukutokana na ukuta wala na namna nilivyosimamisha stendi. Nikafunga lenzi nyingine kwenye kamera hiyo hiyo, na pande zote mbili zikatoka safi, hivyo sensa ya kunasia picha nayo ikaondoka katika lawama. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu kutafuta kuvu, kwani sisi wa pwani unyevu hautuachi. Vioo vilikuwa safi.

Vioo vya ndani ya lenzi hupaswa kupangika katika mhimili mmoja. Ikianguka, au ikifunguliwa na asiye fundi wake, kioo kimoja kinaweza kuinama kidogo tu na fokasi ya picha nzima ikainama nacho. Hakuna mpangilio wa kamera unaoponya hali hiyo, na kuongeza ukali kwenye kompyuta kuliwazidishia shangazi chembechembe usoni. Nawasihi msiifungue wenyewe, kwa sababu kuvirudisha vioo mahali pake kunahitaji vifaa vya kupimia.

Siku ya tano, ndani ya siku 7 nilizopewa, niliirudisha pamoja na risiti na zile picha mbili za kanga. Muuzaji aliniambia kwanza nitumie apacha ya 8. Nilipomwonyesha ile iliyogeuzwa juu chini, alinyamaza, akanibadilishia. Hii ya pili, katika 1.8, pembe zake ni laini kidogo, lakini ni laini sawasawa kulia na kushoto, na huo si ubovu bali ndio uwezo wa lenzi ya bei hii. Katika 4, nukta za mapindo yote mawili zinahesabika.