NBA League Pass, kwa jicho la mwalimu wa basketi wa Lamu

Kama unataka kuilipia huduma hii ya kutazama mtandaoni mechi za NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, kwa ajili ya mechi za moja kwa moja tu, fikiri tena. Mechi inayoanza New York saa moja na nusu jioni hutufikia sisi Lamu saa tisa na nusu usiku msimu wa kaskazi, na ile ya Los Angeles huanza watu wakiwa kwenye mahamri na mbaazi. Ramadhani kuna nafuu, maana nyumba nzima iko macho kwa daku. Lakini mie asubuhi nina darasa, jioni nina timu ya wasichana. Kinachonifanya nilipie tena kila msimu ni marudio.

Mechi ikiisha haipotei. Utaikuta nzima, na utaikuta iliyofupishwa kama dakika kumi hivi, mtu akaimaliza chai haijapoa. Kuna mahali pa kuficha matokeo. Hapo pabonyeze kwanza, kabla hujagusa kitu kingine.

Mechi ya kwanza ya fainali za 2025, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, ilichezwa usiku wa kuamkia Ijumaa ya Idi Kubwa. Alfajiri ile nani ana nafasi ya kukaa na simu, nguo za watoto hazijapigwa pasi? Nikaitazama usiku wake, wageni wameshaondoka, sijui nani kashinda. Pacers hawakuongoza hata mara moja mpaka Tyrese Haliburton alipofunga zikiwa zimebaki sekunde 0.3, ikawa 111 kwa 110. Kipande kile nimekirudisha mara nyingi. Thunder wamekosa, Pacers wameudaka mpira, na kocha wao Rick Carlisle haombi mapumziko. Anawaachia wachezaji wake wacheze. Haliburton anaudunda kulia, anasimama ghafla, anaruka, anarusha. Wasichana wangu niliwaambia wasiutazame mpira, waitazame miguu ya beki. Waliitazama kimya, kisha wakaanza kubishana wenyewe beki yule angesimama vipi, na ubishi ule ulinifurahisha kuliko kikapu chenyewe.

Uwanja wetu uko karibu na bahari. Kaskazi ikivuma, mpira wa pointi tatu unakwenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo namtafuta zaidi Nikola Jokić wa Denver Nuggets, mtu mrefu anayesimama mgongo kwa kikapu na kumwona mwenzake anayekata nyuma ya beki. Pasi kama zile upepo hauziwezi.

Jambo jingine ninalolipenda sana ni kuchagua watangazaji, wa timu mwenyeji au wa wageni. Mechi za New York Knicks huwasikiliza wa kwao, kwa sababu ya Walt Frazier. Mzee yule alichukua ubingwa na Knicks hao hao 1970 na 1973, na beki akichelewa hatua moja anakuambia kachelewa wapi. Mtangazaji anayeifuata timu moja msimu mzima wa mechi 82 anajua hata mchezaji wa akiba ana udhaifu gani. Utangazaji wanaonipa ni wa Kiingereza, na wasichana wadogo huwa nawatafsiria. Natamani sana siku moja niusikie mchezo huu kwa Kiswahili kwenye huduma hiyo hiyo.

Vipindi vikubwa vya studio kule Marekani sivifuatilii tena kwa ajili ya kufundishia. Fainali ile ile, nzuri vile, mazungumzo mengi yalikuwa kwamba miji ni midogo na watazamaji watapungua. Na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kila mwaka siku ya timu za NBA kuchagua vijana wapya ikifika, wanamtaja kwenye orodha ya waliofeli: alichaguliwa wa pili 2009 na Memphis Grizzlies, na Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, akawa wa saba. Hawasemi kwamba alichelewa kuanza basketi, wala kwamba akiwa chuo cha Connecticut alikuwa miongoni mwa mabeki wakali kabisa wa kuzuia kikapu. Mswahili kafika namba mbili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule. Mimi wasichana wangu nawapa habari yake yote, mpaka mwisho.

Bando linaliwa, hilo mjue. Mtandao wa hapa hulegea jioni watu wote wakiwa hewani, duara linazunguka tu. Mie hutazama baada ya sala ya alfajiri na picha naipunguza ubora. Ukilipia leo, ficha matokeo, chukua mechi ya Denver iliyofupishwa, halafu ifungue ile nzima utazame robo ya nne tu, ukimfuata Jokić kabla mpira haujamfikia.