Barabara ya Dodoma: kuanza ujenzi Novemba au Mei?

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Zabuni itangazwe, tathmini ifanyike, mkataba usainiwe. Mara nyingi Novemba imeshabisha hodi. Na Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili.

Mkandarasi anayeanza Novemba hupata maji ya kushindilia udongo karibu na kazi. Faida yake karibu inaishia hapo. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa huvimba na kunata, greda linakwama, na siku za mvua zinageuka barua za kuomba nyongeza ya muda. Korongo likishuka na maji kabla kalavati (njia ya maji chini ya barabara) halijakamilika, tuta la udongo linalobeba barabara linaondoka nalo (na malipo yake yanabishaniwa hadi kiangazi).

Anayeanza Mei ana miezi sita mikavu au zaidi. Anajenga makalavati korongo likiwa mchanga mtupu, kisha anainua tuta. Maumivu yake ni maboza: maji yanafuatwa mbali, na kifusi kikavu hakishindiliki kufikia kipimo.

Mimi ningechagua Mei. Ukiwa umeshasaini Novemba, leta mitambo, pima, ponda kokoto, tuta lingoje.