Uzoefu wangu: Maporomoko ya Sanje, Udzungwa, kwa siku moja

Kwanza, lala Mikumi mjini. Kutokea Dar ni kama kilomita 300 hadi hapo, bado 60 hivi za kwenda Mang'ula yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa, na ukijaribu yote kwa siku moja utaanza kupanda jua likiwa utosini. Kutokea Morogoro inawezekana ukiondoka alfajiri, ila kumbuka barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50: mwendo mwisho 70, na ukigonga mnyama unalipa.

Mikumi mjini, ukitokea Morogoro, unakata kushoto barabara ya Ifakara. Ni lami, gari dogo linatosha. Kinachokula muda ni matuta na malori ya miwa msimu wa mavuno. Kuyapita pembezoni mwa mashamba ya Kilombero kunataka subira, maana miwa huficha kona.

Hapa ndipo wengi wanakosea: kijiji cha Sanje unakipita kabla ya Mang'ula, kwa hiyo wanasimama wakidhani wamefika. Huwezi kupanda bila kibali. Nenda makao makuu ya hifadhi Mang'ula, jisajili, lipia kiingilio na mwongozaji, kisha rudi nyuma kama kilomita 10. Malipo si ya noti mkononi. Beba kadi, na salio la simu liwepo kwa ajili ya kulipia kwa namba ya malipo mashine ya kadi ikigoma.

Kupanda na kushuka huchukua muda wa saa nne hivi. Ndani ya Udzungwa hakuna barabara ya gari, ni miguu tu. Maji huanguka kwa hatua tatu, jumla mita 170 hivi, na ukiwa juu unaliona bonde lote la Kilombero na miwa yake. Panda taratibu, kwa sababu kazi yenyewe iko kwenye kushuka: udongo ukilowa unateleza, mizizi inateleza zaidi, na magoti ndiyo breki. Viatu viwe na meno. Raba za mjini zenye soli laini ziache kwenye gari. Maji lita mbili kwa kila mtu, ndizi au karanga, nguo ya kubadili, na mfuko wa plastiki wa simu. Kuogelea kwenye vidimbwi kunaruhusiwa pale mwongozaji anapoonyesha; usisogelee ukingo wa juu, mawe yana utelezi usioonekana.

Msimu? Machi hadi Mei maji ni mengi mno lakini njia ni mbaya. Mimi huchagua Juni au Julai: maji bado yana nguvu, njia imekauka. Mwongozaji mzuri atakuonyesha mbega wekundu. Mangabey wa Sanje, aina ya kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, anataka bahati.

Muda ukitosha, kuna poromoko la Prince Bernhard jirani na makao makuu, matembezi mafupi. Ni dogo. Ukitoka Sanje halitakushangaza. Lianze hilo asubuhi, kama una watoto au wazee liwe hilo tu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kule kurudi nyuma baada ya kulipa.