TAHADHARI: Msinunue "rubi za Baringo" zinazozungushwa Nakuru

Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mtanivumilia. Kuna jamaa anauza mawe mekundu hapa Nakuru akidai ni rubi, vile vito vyekundu vya bei ghali, kutoka Baringo. Msinunue! Ameenda na shilingi 85,000, ile pesa mnayoijua. Wenzangu wa chama, tafadhali tuongee kwa simu, si hapa.

Kabla hamjaanza kunicheka, sikieni alivyofanya. Tulikutana kwenye hoteli karibu na stage ya magari ya Marigat. Alikuja na mzee mmoja, kofia mkononi, eti ndiye mwenye shamba yanakochimbwa. Mzee alikunywa chai yake taratibu, hana maneno mengi, ila kila akifungua kinywa ni "mama" kwa heshima zote. Jamaa akatoa mawe yaliyofungwa kwenye gazeti. Akachukua moja, akalilowesha kwa mate, akalishika dirishani nione mwanga ukipita. Akavuta chupa ya soda, akaikwaruza nalo, ikabaki alama nyeupe. "Mama, hii ingekuwa kioo ingekata kioo?" Kisha akafunika mkono wangu na koti lake, akawasha katochi kenye mwanga wa zambarau. Lile jiwe likawaka jekundu kama kaa la moto.

Sasa nisiamini kwa nini? Rubi huwaka kweli chini ya mwanga ule kwa sababu ya kromiamu iliyomo. Hilo nalijua tangu binamu yangu afanye kazi kwenye machimbo ya rubi ya Mangare, kule Taita Taveta. Na Baringo rubi zipo, si hadithi, hata Pokot Magharibi zipo. Tena hakunibembeleza. Nilipositasita kidogo alianza kufunga gazeti lake, eti kuna sonara wa Nairobi anamsubiri. Tapeli si angening'ang'ania? Nikatuma M-Pesa, halafu nikamwongezea ya nauli ya mzee. Nauli jameni! Hiyo inaniuma kuliko zile 85,000.

Sonara niliyempelekea hakumaliza hata dakika. Aliweka lenzi jichoni, akaniambia nami nitazame: vipovu vya hewa, mviringo kabisa, vimejaa ndani. Ni vioo vyekundu vilivyosagwa kingo, vikavingirishwa kwenye udongo wenye mika, yale madini yanayometameta, vionekane vimetoka shimoni. Machache yalikuwa garneti, mawe mengine mekundu, za bei ya chini. Na garneti pia hukwaruza chupa bila shida, kwa hivyo ile michoro yote ya hotelini haikuwa na maana yoyote. Lile jiwe lililowaka sikulikuta kwenye gazeti. Naona lilirudi mfukoni mwake wakati mimi nabonyeza simu.

Nimeandikisha OB kituo cha polisi. Afisa akanieleza kwamba kujipatia mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni hadi miaka 3. Mitatu! Ningekuwa mbunge ningeongeza sifuri hapo mbele kesho asubuhi. Huyu arudishe kila senti, afungwe, na yule mzee wake wa kofia afungwe naye, sitaki kusikia habari za umri. Lakini mkimpata msimpige. Namtaka na meno yake yote ya kumjibia hakimu.

Dalili, kwa haraka, maana mkono unatetemeka. Mulikeni kila jiwe, si lile analochagua yeye, na hiyo tochi ya zambarau iwe yenu. Hata likiwaka, rubi ya kutengenezwa maabara nayo huwaka, kwa hivyo msitume pesa kabla sonara hajaliona. Rubi ni nzito, uzito wake ni karibu mara 4 ya maji, kioo cha kawaida ni kama mara 2.5. Rubi ghafi nyingi hazina usafi ule. Yangu yote yalikuwa yanapitisha mwanga kama glasi, na sikushtuka. Na mwulizeni leseni ya kuuza madini, Sheria ya Madini ya 2016 inaidai. Mimi nilimwuliza, akasema iko kwa gari. Mtu aliyetoka kuniambia amekuja na matatu!

Namba yake haipatikani tena. Jana dada mmoja ameniandikia kwamba watu wawili wa namna hiyo wameonekana Kisumu, wanaulizia wanunuzi. Ukiwaona, niandikie inbox saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.